Kana Imelegea, Mlingoti Nimeuacha Ulipo

Jana jioni nimebisha, yaani nimekata huku na huku kuukabili upepo, kutoka kisiwa cha Bongoyo hadi Msasani, kusi (upepo wa kusini) inavuma kwelikweli na nje ya rasi bahari imechafuka povu, na kana, mkono wa usukani, nimeishika kwa vidole vitatu. Vidole vitatu! Bega la kulia, lililokuwa likiuma, halina habari. Ndiyo maana naandika leo kabla hata sijaanika tanga.

Mashua yangu ni hii: futi 14, plaiwudi, tanga moja la foromali (boriti inayobeba tanga), ubao wa katikati unaopanda na kushuka kwenye bolti. Ugonjwa wake ulikuwa huu. Kwenda kisiwani raha tupu kwa sababu kusi iko mgongoni, lakini kurudi, ukibana demani (kamba ya kuvutia tanga) tu, omo (pua ya chombo) inakimbilia upepo na kana inakuvuta kama mbuzi wa Idi aliyegoma kutembea.

Ufukweni kila mtu ana dawa. Kuna mzee fundi wa ngalawa, nilimwamkia akaitikia marahaba huku macho yako kwenye chombo, akasema, "Mwanangu, omo yako imeinama. Rudisha farumi tezi." Farumi ni uzito wa kutuliza chombo na tezi ni nyuma, basi nikahamisha viroba vya mchanga hadi chini ya benchi la nyuma. Kweli, kuvuta kukapungua. Omo ikiinuka, chombo kinayashika maji kwa nyuma zaidi, na hamu ya kupanda joshini, upande unakotoka upepo, inashuka. Ukipandisha ubao wa katikati kama theluthi hivi unapata faida ya aina hiyo hiyo, maana unapopanda unalala kwa nyuma. Gharama yake ni kwamba unaanza kusukumwa upande. Nikasogeza goshi ya tanga, pembe yake ya mbele, mbele zaidi. Nikaegemeza mlingoti mbele zaidi. Kila kimoja kilisaidia kidogo, na mkono bado ukauma.

Hapo ndipo nilipokaa chini na solotepu nyekundu. Kana yangu ina urefu wa sentimita 90, kwa hiyo ncha yake ikisogea sentimita 8 usukani umepinda nyuzi 5, na ikisogea 16 ni nyuzi 10. Nikabandika alama kwenye benchi: katikati, 8, 16, pande zote mbili. Tunachotaka ni nyuzi 3 hadi 5 za kuzuia omo isipande. Hicho kidogo ni kizuri, kinakupa hisia mkononi, na ukianguka majini chombo kinageukia upepo na kusimama badala ya kwenda zake Unguja. Zaidi ya hapo unaburuta ubao majini.

Basi nikatoka na alama zangu, nikabisha, chombo kimesimama wima, nikachungulia. Ncha ya kana iko ndani ya alama ya kwanza! Nyuzi 4 hivi. Kwa vipimo chombo kimekaa sawa kabisa, na mkono unalia. Nikapindua, nikajaribu upande wa pili, ule ambao tanga linalalia mlingoti. Tofauti ndogo sana. Uzito ule ule.

Kwa hiyo pembe ni kitu kimoja na uzito ni kitu kingine, na hili naona watu wengi wanalichanganya. Unaweza kusogeza mlingoti mpaka uote mizizi, kana ikabaki nzito, kwa sababu uzito umekaa kwenye usukani wenyewe.

Nilimwomba kijana mmoja avae miwani ya kuzamia, ashike kamba nyuma, tukamburuta taratibu. Akaibuka anacheka: "Kaka, usukani wako umelala." Ule ubao wa chini wa usukani, unaoinuka ukigonga mwamba, nilikuwa nimeufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukiwa ufukweni umesimama wima kama askari. Chombo kikishika kasi, maji yanausukuma, mpira unanyooka, ubao unalala nyuma. Kwa macho yake ni kama nyuzi 20.

Hesabu yake inachoma. Ubao una upana wa sentimita 25, na nguvu ya maji inakaa karibu robo ya upana kutoka ukingo wa mbele, yaani kama sentimita 6 nyuma ya bawaba. Ulale nyuzi 20, sehemu iliyo sentimita 30 chini ya bolti inarudi nyuma sentimita 10 nyingine. Sita imekuwa kumi na sita. Mkono wako unapigana na zaidi ya mara mbili na nusu, na pembe haijabadilika hata chembe.

Dawa: nimetoboa tundu moja kupita kwenye mbao za pembeni na ubao wenyewe, nikachomeka vijiti vitatu vya mishkaki vilivyofungwa pamoja. Ubao hauendi popote. Ukigonga mwamba vijiti vinavunjika, unachomeka vingine. Mpira wa tyubu urudi kwenye baiskeli.

Kilichobaki ni upepo wa ghafla. Ukipiga, chombo kinalala na kana inapita alama ya 16. Hapa farumi na mlingoti havina msaada mkubwa. Kitovu cha tanga langu, pale nguvu ya upepo inapokusanyika, kiko kama mita 2 juu ya maji. Chombo kikilala nyuzi 20, kitovu hicho kinatoka nje upande wa chini ya upepo, kule upepo unakoelekea, kwa sentimita 68. Tanga linasukuma mbele likiwa nje, chombo lazima kigeukie upepo. Utasogeza mlingoti sentimita tano ushindane na 68? Hapana: legeza demani mapema, kaa ukingoni, chombo kisilale. Ngalawa zina rengu, yaani maboya ya mbao ya pembeni, za kuzuia kulala, na lile la chini ya upepo likizama linaburuta upande huo na kuirudisha omo chini, ndiyo maana wale jamaa wanashika usukani huku wanavuta sigara.

Tanga nalo limezeeka. Kitambaa chake cha marekani kimevutika, tumbo limehamia nyuma. Nimekaza kamba kwenye foromali hadi mikunjo ikaanza kuonekana, na tumbo limesogea mbele. Kwa upepo wa jana hiyo peke yake ilirudisha kana karibu upana wa vidole viwili.

Kuhusu vifaa: programu ya simu ya kupima mlalo tupa kule. Chombo kikirukaruka namba zinacheza muziki, na simu inaloa. Timazi ya mwashi, uzi, na kipande cha plaiwudi chenye mistari, basi.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa kuchonga kikao kipya cha mlingoti halafu rangi. Kikao nimekifuta. Rangi itasubiri, kwa sababu jana nikiwa karibu na kisiwa kidogo cha Pangavini nilianza kuwaza usukani mpya: mninga, ukingo wa mbele wa mviringo, unene sentimita 3 sehemu nene, nyuma umechongoka. Huu wa sasa ni ubao bapa tu, ukizidi pembe maji yanaukimbia. Mbao nimeshaikata. Randa inanolewa kwa fundi, Jumamosi naichukua.