Siku moja maishani mwangu: macho ya njano toka asubuhi mpaka usiku

Saa 11:15 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu, chai ya rangi na kiporo cha viazi vitamu, nikatoka. Mi ni daktari hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, na sisi wa wilayani hatuna cha kuchagua, asubuhi uko wodi ya watoto wachanga, mchana OPD (wagonjwa wa nje), usiku on-kol, zamu ya kuitwa kwa dharura. Nimeamua kuandika siku ya juzi kwasababu toka naingia mpaka natoka nilikuwa nakutana na manjano tu, na kuna vitu nataka wamama na wababa wavijue.

Saa 1:30 asubuhi

Ripoti ya usiku. Kuna mtoto wa siku 3, kazaliwa kilo 3.1 kwa njia ya kawaida, kaletwa saa 10 usiku toka nyumbani, analala sana na ziwa anashika kidogo anaachia. Kwenye faili wameandika rangi iko sawa. Simlaumu aliyeandika, ile wodi usiku ina balbu ya mwanga wa njano na chini ya balbu ile kila mtoto ana rangi moja.

Saa 2:00

Nikamchukua mtoto nikampeleka dirishani. Kwa ngozi zetu nyeusi manjano huioni kwa kutazama tu, unabonyeza kidole kwenye paji la uso, unaachia, ile sekunde moja kabla damu haijarudi ndo unaona rangi ya chini. Nikabonyeza paji, njano. Kifua, njano. Paja, njano. Nikamgeuza nyayo nikabonyeza, nazo njano, nikafungua mdomo fizi pia. Kwa mchanga manjano huanza kichwani ikashuka, ikifika nyayoni ujue imepanda sana, ila usitegemee macho peke yake, lazima damu ipimwe.

Bibi yake alikuwa pembeni amekunja khanga. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Akaniambia jana aliiona njano machoni akawa anamuotesha jua mlangoni, asubuhi na jioni, kama alivyofanya kwa watoto wake wote. Sikumgombeza na sijawahi kumgombeza bibi yeyote kwa hilo, maana hata hizi taa zetu za bluu zilianzia juani, miaka ya 1950 huko Rochford, Uingereza, nesi mmoja alikuwa anawatoa njiti nje kwenye jua na madaktari wakaona sehemu iliyopigwa jua imepauka na iliyofunikwa bado ya njano, mwaka 1958 wakatoa taa. Shida ya jua la mlangoni ni kwamba halina kipimo, mtoto anaungua au anapata baridi, na kubwa zaidi, nyumba nzima inatulia ikidhani anatibiwa huku bilirubini inapanda.

Bilirubini ni nini? Chembe nyekundu za damu zikizeeka zinavunjwa, kinachobaki ni rangi ya njano, ini linaichukua linaigeuza iyeyuke kwenye maji, inapita kwenye mrija wa nyongo mpaka utumbo, inatoka na kinyesi na ndo inayokipa rangi. Mchanga ana chembe nyingi zinazovunjika haraka na ini lake bado halijazoea kazi, kwahiyo watoto wengi wanapata manjano kidogo siku ya 2 au ya 3 na inaisha yenyewe. Inayonitisha ni iliyoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au inayopanda kwa kasi, au mtoto akiwa halali kwa amani bali amelegea.

Nikamuuliza mama kadi ya kliniki. Kundi lake O. Hapo nikashtuka, mama wa O akizaa mtoto wa A au B, kinga zake zinaweza kuvuka zikavunja damu ya mtoto. Na swali langu la kila siku, nguo za mtoto zilikaa wapi? Bibi akanipa shali, nikainusa, naftalini! Zile tembe nyeupe za kuzuia wadudu kwenye sanduku. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huku kwetu Afrika wapo wengi, na naftalini inavunja damu yao vibaya sana. Shali ikatoka wodini.

Saa 4:10

Majibu: kundi B, Coombs chanya, yaani kinga za mama zimeishika damu ya mtoto, bilirubini mikromoli 340 kwa lita, iko juu. Taa tulishawasha toka saa 2:20, kwa mtoto wa hivi huwezi kusubiri karatasi. Amevuliwa abaki na nepi, macho yamefunikwa, anatolewa kunyonya kila baada ya saa 2. Naharakisha hivi kwasababu hii bilirubini ambayo haijapita kwenye ini ikizidi inaingia kwenye ubongo, mtoto analia kwa sauti kali nyembamba, anajikunja mgongo kwa nyuma, akipona anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo. Nimewaona watoto hao wakiwa na miaka 4, 5, wanabebwa mgongoni, na kilichokosekana ilikuwa ni taa na siku moja.

Ndo maana naumia tunavyowaruhusu wamama kabla hata ya saa 24, manjano inakuja siku ya 3 yupo kijijini kwao hakuna wa kumbonyeza paji.

Saa 5:30

Nimepita chumba cha chanjo, mtoto wa wiki 6 amekuja kuchoma penta. Mnene, anacheka, ila macho yana njano. Mama anasema ameambiwa mtaani ni maziwa yake tu. Inawezekana kweli, watoto wengine wanaonyonya vizuri tu njano inakawia kuisha, lakini ikipita wiki 2 lazima ipimwe, total (jumla yote) na dairekti (ile iliyokwishapita kwenye ini) zote mbili. Nikamwambia mama nionyeshe nepi.

Akaifungua. Choo cheupe, kama uji wa mchele ulioganda. Mkojo umeacha doa la njano iliyokoza na mkojo wa mchanga unatakiwa karibu uwe kama maji.

Jamani choo cheupe sio maziwa ya mama. Ni nyongo haifiki kwenye utumbo, na mojawapo ya sababu ni mirija ya nyongo kuziba toka utotoni, mtoto anatakiwa aunganishwe utumbo na ini kwa upasuaji na matokeo ni mazuri zaidi kabla ya siku 60. Huyu ana siku 43. Nikaandika rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa mkono wangu, nikapiga simu mwenyewe, nikamsindikiza mama mpaka kwenye gari. Alikuwa anarudia, "ila dokta ananenepa". Ndio mama, ananenepa, ndo maana hakuna aliyeuliza.

Saa 8:00 mchana, OPD

Wakubwa sasa. Wengi wanakuja wanasema wana "homa ya manjano", na hiyo ni kitu kingine, ni kirusi cha mbu, ndo ile chanjo ya wasafiri. Macho ya njano ni dalili, swali langu ni tatizo liko kabla ya ini, ndani ya ini au baada.

Binti wa sikoseli, anaumwa mifupa, damu inavunjika, hiyo ni kabla. Malaria kali nayo inafanya hivyo. Kijana yupo wiki ya 3 ya dozi ya TB, kichefuchefu na macho yamegeuka. Mkojo wa chungwa peke yake ni rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, na hauna shida, ila macho ni ini, nikasimamisha dozi siku hiyohiyo, nikaagiza ALT (kipimo cha kuumia kwa ini), bilirubini na kipimo cha hepataitisi B, nikamkabidhi kwa wenzetu wa kliniki ya TB wampangie jinsi ya kuanza tena. Na pia nikamuuliza kwa upole dawa za miti shamba, akakubali anakunywa.

Halafu mzee mmoja, mvuvi, miaka 60 na kidogo, njano iliyokolea, anajikuna mpaka ana alama mikononi, choo kimepauka, kapungua mwili na hana maumivu kabisa. Kutokuwa na maumivu ndo kuliniogopesha, mawe ya nyongo kwa kawaida yanauma. Atrasaundi ikaonyesha mirija imetanuka na kifuko cha nyongo kimevimba, kuna kitu kinabana kwenye kichwa cha kongosho. Alikuwa ametibiwa malaria mara 3, kila mara kipimo negativu. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimekaa karibu yake, naye akaniuliza nyavu zake ampe nani.

Saa 2:40 usiku

Wodini tena. Bilirubini ya pili imerudi, 305, inashuka. Mtoto anavuta ziwa kwa nguvu mpaka mama anakunja uso. Bibi akanivuta mkono na wasiwasi, akafungua nepi, choo cha kijani kilaini, akaniuliza mbona tumbo limeharibika tena.

"Hapana bibi," nikamwambia, "hiyo ndo manjano yenyewe inatoka."

Akaitazama muda, akaita mama mtu aje aione.