Mistari ya Daftari Ilipopinda

Msimu wa korosho uliopita, nikiwa karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala, nilifungua daftari la mapokezi asubuhi nikakuta mistari yake imepinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na tarakimu za kilo zimefunikwa na doa la kijivu. Jicho halikuuma wala halikuwa jekundu, kwa hiyo nikalipuuza.

Shemeji yangu alikata shauri papo hapo: "Hiyo ni salfa ya mikorosho, shemeji, ilikuingia ulipokuwa ukipulizia." Nilikuwa nimemaliza kupulizia miezi mitatu nyuma, lakini nilimtii. Kwa majuma mawili nililiosha jicho kwa maji ya chumvi, nikatia matone ya duka la dawa, kisha nikanunua gulioni miwani ya kusomea, ambayo kazi yake ikawa kuikuza ile mistari huku ikiiacha imepinda vilevile. Fedha zilizopotea humo zingenifikisha Dar es Salaam na chenji ingebaki.

Kilichonizindua ni jambo dogo ambalo hata mtoto angelifanya. Nilifumba jicho la kulia, mistari ikanyooka. Nilipofumba la kushoto, ikapinda tena. Kumbe muda wote jicho zima lilikuwa likimfichia aibu mwenzake! Mjaribu nanyi, jicho mojamoja.

Hospitalini Mtwara walinipima presha kabla ya jicho, wakakuta 190 kwa 110. Dawa zake nilikuwa nimeziacha zamani, kwa sababu nilijiona mzima.

Daktari bingwa wa Dar es Salaam, baada ya kupanua mboni na kupiga picha ya matabaka ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, alinieleza kwamba mahali ateri (mshipa unaoleta damu) na vena (mshipa unaoirudisha) zinapopishana hushikana sana, hivyo ateri iliyokakamaa kwa presha huikandamiza vena, mfano wa mpira wa maji uliokanyagwa. Damu ikikosa pa kutokea, maji huvuja na kuvimbisha sehemu ya katikati, ile tunayosomea.

Tiba ilikuwa sindano ndani ya jicho, kila mwezi. Nilitetemeka bure, kwani kwa ganzi nilihisi mgandamizo tu. Sindano haizibui mshipa, bali hupunguza uvujaji, na presha ni juu yangu kuidhibiti.

Baada ya sindano ya tatu mistari imekaribia kunyooka. Hata hivyo, 3 na 8 bado zinafanana kwa jicho lile, kwa hiyo kilo za wakulima nazihakiki kwa la kushoto.