Safari ya Glenmark, kwenye mifupa ya tai

Kutoka Christchurch, New Zealand, hadi Waipara ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na njia nzima nilikuwa na kinamasi kichwani, kile cha Glenmark kilichotoa mifupa ya tai mkubwa wa zamani. Tulipofika, hakuna kinamasi. Kuna mizabibu safu kwa safu, kondoo, na upepo wa joto unaokausha midomo. "Kaka, yaani umenitoa kazini kuja kutazama zabibu?" binamu yangu aliuliza. Akabaki garini na chupa yake ya chai.

Glenmark, hapa Waipara, lilikuwa shamba la mifugo la George Moore. Kinamasi chake kilipoanza kukaushwa, karne ya 19, mifupa ya moa ikatoka kwa marundo. Moa ni ndege aliyekuwa hana bawa hata la kusingizia; mbuni angalau ana ya kupepea. Majike wakubwa walipita kilo 200. Mwaka 1871 Frederick Fuller, mfanyakazi wa makumbusho ya Christchurch, alifukua hapa mifupa michache na kucha ambazo si za moa. Mkuu wake, Julius Haast, akatambua kuwa ni za tai.

Tai wa kilo 10 hadi 15! Nilitazama ile miti pembeni ya shamba nikajaribu kumweka tawini. Mabawa yake yalikuwa mafupi kwa mwili ule, kwa hiyo inaaminika hakupoteza muda akizunguka angani. Alikaa juu akingoja, kisha akashuka kwa kishindo. Kilichomfichua ni nyonga za moa: zimekutwa na matundu na nyufa, mfupa mnene umetobolewa. Alivamia kutoka ubavuni, mguu mmoja ukabana nyonga, mwingine ukatafuta shingo au kichwa. Mwewe wa kwetu hunyakua kifaranga akakimbia nacho. Huyu angemkimbia nani? Visiwa vile havikuwa na simba wala fisi. Wanyama pekee wa kunyonyesha waliokuwa nchi kavu ni popo. Alikula palepale, taratibu.

Wamaori, watu wa kwanza kuhamia visiwa hivyo, walifika karibu mwaka 1300, wakawala moa wote ndani ya vizazi vichache. Tai akafuata, meza yake imekwisha.

Tukirudi, mwewe mmoja wa huko, kāhu, alikuwa akidonoa sungura aliyegongwa barabarani. Binamu akapunguza mwendo. Ndege akasogea pembeni, akatungoja tupite, akarudi kwenye nyama yake.