Njombe, kwa Mhunzi wa Visu vya Ulanzi

Niliondoka Iringa alfajiri, mwezi wa Machi, msimu wa ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, ukiwa umepamba moto. Misonobari ya Sao Hill imefunikwa na ukungu, Mafinga chai ya haraka, Makambako nikashuka na kudandia Kosta ya Njombe. Baridi ilitusindikiza njia nzima.

Nakusanya visu miaka mingi sasa, na fundi ninayemhusudu kuliko wote ni Bob Loveless wa Marekani, aliyefariki mwaka 2010. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa baharia, alikwenda dukani New York kununua kisu cha Bo Randall, fundi wa Florida mwenye sifa kubwa, akaambiwa asubiri miezi tisa. Hakusubiri. Alichukua springi ya gari aina ya Packard la mwaka 1937 kwenye vyuma chakavu, akajitengenezea chake. Baadaye visu vyake vya kuwindia, vile ambavyo mgongo unashuka taratibu hadi nchani, viliigwa na mafundi dunia nzima.

Karakana ya mzee niliyemfuata ni paa la bati juu ya nguzo nne, kijijini nje ya mji wa Njombe.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Karibu motoni."

Fuawe yake ni kipande cha reli. Mjukuu wake alikuwa akizungusha ringi ya baiskeli iliyofungwa feni, makaa yakinguruma. Pembeni, zimepangwa kama kuni, springi za malori. Nilisimama nikazitazama muda mrefu. Ni njia ileile ya Loveless, na kwa sababu ileile: springi ina kaboni ya kutosha, ukiipasha moto na kuipoza ghafla inakuwa ngumu na kushika makali.

Alikata kipande kwa tindo kikiwa chekundu, akakifua hadi kikawa chembamba. Mgema wa ulanzi hukata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni, kipande chembamba tu, utomvu uendelee kudondoka. Kisu butu kinauponda mwanzi badala ya kuukata. Alichovya makali peke yake kwenye oili chafu. Kisha akakisugua kwa mchanga hadi kikang'aa, akakisogeza tena karibu na makaa ili ugumu upungue kidogo, kisivunjike, akakaa kimya akiitazama rangi ya chuma. Manjano hafifu. Manjano ya mabua makavu. Hapo hapo akakitumbukiza majini.

"Ikifika buluu umechelewa," aliniambia. "Makali yatalala."

Fundi wa Marekani Bill Moran na wenzake walianzisha American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu, mwaka 1976, na mtihani wao unaheshimika sana: kisu kikate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, kikatekate mbao, kisha makali yaleyale yanyoe nywele za mkono. Sikuwa nimemweleza mzee lolote kuhusu hilo. Alipomaliza kunoa alipiga kisu pingili ya mwanzi mkavu ikakatika vipande viwili, akapitisha kisu kwenye mkono wake, vinyweleo vikadondoka. Nilikiri moyoni kwamba nimeketi mbele ya fundi wa daraja lao.

Nikamwomba agonge alama yake kwenye kisu changu, maana sisi wakusanyaji tunaanza kwa kusoma jina la fundi. Alikigeuza, akakirudisha bila alama.

"Cha nini? Wenye kazi wanakijua."

Iliniuma. Niliona jina lake likipotea hivi hivi.

Jioni, stendi ya Njombe, nilikifungua kwenye gazeti nikitazame tena. Mama muuza ulanzi aliyekaa jirani alikiangalia kidogo, akakigusa mgongo kwa kidole gumba.

"Umetoka kwa yule mzee wa kule juu," alisema. "Cha baba yake ninacho nyumbani."