Kumbukumbu ya mradi: neva zafika kwenye mkondo wa kalsiamu

Seli yangu ya kwenye kompyuta sasa inasikiliza neva. Kwa msomaji mgeni: ninaandika kwa Python programu inayoiga seli moja ya nodi ya sainoatria, kile kipande kidogo cha atria ya kulia (chumba cha juu cha moyo) kinachoanzisha kila pigo la moyo. Wanasayansi Keith na Flack walikitambua mwaka 1907. Vipimo ninavyotegemea ni vya seli za sungura, kwani zimepimwa sana, kwa hiyo seli yangu hupiga haraka kuliko moyo wa mtu.

Seli hizi hazitulii kamwe. Baada ya kila pigo, umeme wa utando hushuka hadi karibu milivolti -60, halafu huanza kupanda wenyewe: mkondo wa milango ya HCN (vitundu vya utando vinavyofunguka umeme ukishuka) husukuma, milango ya kalsiamu ya aina ya T huongeza, kisha ile ya aina ya L hufunguka na pigo kutokea. Kwenye msuli wa ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) kazi hiyo ya mwisho ni ya sodiamu. Hapa ni ya kalsiamu. Nje ya seli kalsiamu huru ni nyingi takriban mara 10,000 kuliko ndani, kwa hiyo mlango ukiachia kidogo tu, inaingia kwa nguvu. Ndiyo sababu nilitaka neva ziufikie mkondo huu kabla ya mingine.

Njia rahisi ingekuwa kuzidisha mkondo wa L kwa namba fulani noradrenalini (kemikali ya neva zinazoharakisha moyo) ikija, na kuugawanya asetilikolini (kemikali ya neva ya vagasi, inayoupunguza) ikija. Nimeikataa, na huo ndio uamuzi mkubwa wa kipindi hiki. Neva hazigusi mlango moja kwa moja. Noradrenalini hushika kipokezi beta-1, kimeng'enya cha ndani ya utando hutengeneza AMP ya mzunguko (naiita cAMP kwenye programu), nayo huamsha PKA, kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine. Asetilikolini ya neva ya vagasi hushika kipokezi M2 na kukizuia kimeng'enya kilekile. Basi nimeweka cAMP kama mtungi mmoja: neva moja inajaza, nyingine inaziba bomba, na mkondo wa kalsiamu unafuata kiasi kilichomo.

Faida yake ilionekana mara moja. Kwenye seli za ventrikali zilizotulia, asetilikolini peke yake karibu haibadilishi mkondo wa kalsiamu. Inaupunguza sana pale tu noradrenalini imeshaupandisha. Seli za nodi ni tofauti, kwa kuwa cAMP yao iko juu hata bila neva ya kuichochea, kwa hiyo vagasi inakuta kitu cha kupunguza. Kwenye programu nilibadilisha kiwango hicho cha mwanzo tu, na tabia zote mbili zikatokea bila sheria ya ziada. Kuzidisha na kugawanya kusingenipa jambo hilo.

Kipande cha mwisho, yaani kutoka PKA hadi mlangoni, ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba PKA hubandika fosfati kwenye mlango wenyewe. Lakini watafiti walipoondoa sehemu hizo za kubandikia kwenye panya, mkondo uliendelea kupanda. Mwaka 2020 timu ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilionyesha kwamba kuna protini iitwayo Rad inayoubana mlango. Fosfati inabandikwa kwenye Rad, nayo inaachia. Kwa hiyo nimeandika mstari wa «kibano» kinacholegea, badala ya mlango unaoongezewa nguvu.

Yaya mmoja (mkubwa wangu, si mlezi wa watoto) anayefundisha uuguzi huko Kadutu, hapa Bukavu, aliangalia mchoro akaniuliza: «Mdogo wangu, na moyo uliopandikizwa, usio na neva, utauonyeshaje?» Swali zuri sana. Moyo wa namna hiyo hupiga karibu mara 100 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, maana vagasi haipo tena kuupunguza. Nikaweka neva zote mbili kwenye sifuri, na seli ikaenda haraka kuliko inapokuwa na vagasi kidogo. Nikamweleza pia kwamba mtu akianza kupanda kutoka ziwani kwenda Kadutu, mapigo ya mwanzo huongezeka hasa kwa sababu vagasi inaachia. Noradrenalini inafika baadaye.

Programu sasa inahifadhi hali yake kila baada ya mapigo machache, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu Bukavu unaweza kukatika wakati wowote.

Kazi inayofuata ni muda. Vagasi ina njia ya mkato: kipokezi M2 hufungua milango ya potasiamu bila kupitia cAMP, ndiyo maana huweza kuchelewesha hata pigo linalofuata, wakati noradrenalini huchukua sekunde kadhaa. Naongeza mkondo huo wa potasiamu, kisha napima ni kiasi gani cha asetilikolini kinatosha kupunguza mkondo wa HCN kabla potasiamu haijaanza kutoka. Kwa sungura, mtafiti DiFrancesco na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba HCN huitikia asetilikolini kidogo kama mara 20 kuliko ile inayohitajika kufungua potasiamu. Seli yangu lazima ifanye hivyohivyo.