Kabla hujamruhusu fundi ashushe pampu

Hii naiandika kwa watu wa pikapu za dizeli, hasa sisi wa Hilux, iwe zile za zamani zenye injini za 3L na 5L au hizi za D-4D zinazoendeshwa na kompyuta, maana kila EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wakitoa bei mpya ile Jumatano ya kwanza ya mwezi magrupu yanajaa kilio cha gari kula mafuta, na jibu la kwanza la kila mtu ni hilohilo, shusha pampu ya dizeli, peleka nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini zikapimwe. Pampu na nozeli zinachoka kweli, sikatai, ila ndo sehemu yenye gharama kuliko zote na mara nyingi ugonjwa hauko huko. Uko kwenye joto la injini, hewa, matairi, breki na mguu wa dereva, na inauma sana kuona mtu anatoa hela ya mavuno yote kwenye pampu nzima kabisa.

Cha kwanza ujue gari inakula kiasi gani, na mshale wa tenki usiutumie kwa hilo. Nenda sheli jaza fuli tenki mpaka bomba likate lenyewe, rudisha tripu kwenye sifuri, piga mizunguko yako kama kawaida, alafu rudi sheli ileile na ikiwezekana pampu ileile ujaze tena mpaka likate. Kilomita gawanya kwa lita ulizoweka. Tripu ikisoma 540 na zimeingia lita 60 basi lita moja inakupeleka kilomita 9. Rudia rudia, safari moja inadanganya, mara ulikuwa na mzigo mara ulikuwa mtupu. Na kama umetoa tairi za 205R16 ukafunga 265/70R16 kumbuka tairi mpya ni kubwa zaidi, odo ikisema umetembea 100 kiukweli umeenda kama 105, kwa hiyo kuna watu wanalaumu injini wakati sehemu ya tatizo ni hesabu tu.

Sasa hili la joto ndo linaniuma zaidi. Gari ikichemsha mara moja tu, fundi anang'oa thamostati anakwambia nchi yetu ya joto hii kitu ya Wazungu haihitajiki. Jamani inahitajika. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike karibu nyuzi 80, ikifika ndo inafungua kidogo kidogo. Ukiitoa, maji yanapita rejeta muda wote, na ukiwa barabarani upepo unapiga mbele, injini haifikii joto lake kabisa hasa usiku kule Mafinga na Makambako ambako baridi yake mnaijua. Injini ya baridi oili yake nzito, dizeli haiungui vizuri, na kwenye D-4D kompyuta inasoma maji ni ya baridi inaamini gari ndo kwanza imewashwa asubuhi, inaongeza mafuta. Yani unasafiri kutoka Makambako mpaka Dar gari bado inajipasha moto. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikiwa wazi inaziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, ukiitoa njia hiyo inabaki wazi, maji mengine yanazunguka tu humohumo bila kupozwa, ndo maana gari isiyo na thamostati inaweza kuwa baridi tambarare na bado ikachemsha ukipandisha mlima Kitonga na lodi. Gari ikichemsha tafuta sababu, rejeta imeziba, feni haivuti, mfuniko wa rejeta umechoka, gasketi imeungua. Mshale wa joto ukiona unakaa chini ya pale ulipouzoea muulize fundi thamostati iko wapi, nunua orijino, bei yake ukilinganisha na kazi ya pampu ni ndogo mno. Kuipima ni kazi ya jikoni, itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka motoni, maji yakikaribia kuchemka lazima uione imefunguka.

Hewa nayo. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia inatoka nje haijaungua vizuri, ama hewa haitoshi au mafuta yamezidi, na kwa nini uanze na mafuta wakati hewa ni rahisi kukagua? Sisi tunaoingia mashambani Kilolo kiangazi vumbi lake linajaza ea klina, ile chujio ya hewa, upesi kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ipulizie kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, sio nje kwenda ndani unazidi kulishindilia vumbi, na ikichakaa badilisha, usiioshe ile ya karatasi. Kwenye zenye turbo shika mipira yote ya hewa kutoka turbo kwenda intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, ukikuta sehemu imelowa oili au kuna ufa, au ukikanyaga mafuta unasikia mlio wa upepo unavuja, hapo ndo nguvu yako inapotelea, maana hewa iliyoshindiliwa inatokea njiani na wewe unakanyaga zaidi kufidia.

Upepo wa matairi angalia ile stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kuna ya gari tupu na ya gari yenye mzigo, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Wizara ya Nishati ya Marekani wanasema kila psi 1 ikipungua kwa wastani kwenye matairi yote mafuta yanaongezeka kama asilimia 0.2, sa mtu anatembea na pungufu ya psi 10 wiki nzima. Ukifika safari, kabla hujaingia kula, sogeza mkono karibu na rimu zote nne, usiishike, moja ikiwa na joto kuliko wenzake breki inashika. Kagua na handibreki. Na zile habu za mbele za kuzungusha kwa mkono ukitaka kutumia 4WD, ukitoka kwenye matope zirudishe FREE.

Mguu. Upinzani wa hewa unapanda kwa kipeo cha pili cha spidi, ukitoka 80 kwenda 100 unaongezeka kwa asilimia 56, na pikapu umbo lake sio la kupasua upepo, ukiongeza na keria tupu juu ndo kabisa. Mtu anakanyaga 110 akikaribia kijiji anashika breki kwa sababu ya tochi ya trafiki, alafu anakanyaga upya. Wewe achia mafuta mapema gari ikiwa kwenye gia ishuke yenyewe mpaka 50. Watu wanaoteremka Kitonga kwenye nyutro kwa kubana mafuta nawaomba sana waache, ukiwa kwenye gia na mguu umeuachia hizi D-4D zinakata dizeli kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini, ila kwenye nyutro lazima ichome mafuta isizimike, kwa hiyo unahatarisha roho yako na ya tingo wako na bado unatumia zaidi. Mlango wa nyuma wa bodi pia acha ufungwe, kuushusha hakusaidii, hewa inajizungusha ndani ya bodi na ile inayopita juu inateleza juu yake.

Dizeli ya vidumu pembeni ya barabara usiguse. Kuchakachua kwa mafuta ya taa kulifika mahali serikali ikapandisha kodi yake mwaka 2011 ili isiwe na faida, na mafuta ya taa hayana ule ulainisho wa dizeli, yanakula pampu na nozeli. Kwenye kidumu hujui kuna nini, taa, maji, au mchanga. Na sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta achana nazo, EPA, shirika la mazingira la Marekani, wamepima vifaa zaidi ya 100 vya kubana mafuta, vilivyosaidia ni vichache sana na tena kidogo tu.

Hayo yote yakiwa sawa na bado inakula, au inatoa moshi, hapo ndo uende kwa fundi wa pampu, na umwombe akupimie mbele yako. Kwenye D-4D kuna kipimo cha marejesho, anafunga vichupa vinne kwenye paipu za kurudisha mafuta, moja kwa kila nozeli, anawasha gari, kichupa kinachojaa haraka kuliko vingine ndo nozeli iliyochoka. Ikiwa ni moja au mbili utajua palepale, na utajua unalipia nini kabla hajagusa pampu.