Fazi ya Besi Niliyoichagua Denmark Street

Mwaka 2012 mpiga kinanda wa bendi yetu alipata kazi Manchester na kuhama London, na pamoja naye ukaondoka mkono wa kushoto uliokuwa ukitupatia besi katika sehemu kubwa ya nyimbo tulizopiga kwenye harusi. Tulikuwa bendi ya Watanzania na Wakenya, na desturi yetu ilikuwa kuanza jioni kwa rumba na muziki wa dansi, ambako gitaa langu la besi lilikuwa na kazi ya kutosha, kisha kumalizia kwa Bongo Fleva, ambako besi haikuwa ya nyuzi tangu mwanzo. Watayarishaji waliitengeneza kwenye kompyuta, na mwenzetu aliitoa kwenye sinthesaiza, yaani kinanda kinachozalisha mawimbi ya sauti kwa umeme, huku mimi nikishika kayamba. Kijana aliyechukua nafasi yake alikuwa hodari wa mkono wa kulia, lakini hakuwa na sinthesaiza wala nia ya kushughulika na besi. Kiongozi wetu, ambaye pia alikuwa mpiga drams na alinizidi umri kwa mbali, alinivuta pembeni baada ya mazoezi, akaniambia, “Mdogo wangu, besi ile watu wanaicheza kwa kifua. Itafute humo humo kwenye gitaa lako.”

Nilimjibu, “Sawa, kaka,” kisha nikaenda nyumbani kuzisikiliza upya rekodi tulizokuwa tukiziiga, noti moja baada ya nyingine, kwa vipokea sauti vya masikioni. Nilitaka kujua kwa hakika ni nini kinachomfanya msikilizaji atambue kwamba hii ni sinthesaiza na si gitaa, kwa sababu pedali za fazi, yaani visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyoikwaruza sauti ya gitaa, ni nyingi mno, na mtu asiyejua anachokitafuta huishia kununua ukali mtupu. Jibu nililolipata halikuhusu ukali hata kidogo. Uzi wa gitaa huanza kwa kishindo cha kidole, hufika kileleni papo hapo, kisha hufifia taratibu mpaka unyamaze. Noti ya sinthesaiza huanza bila kidole, hukaa kwenye kimo kimoja muda wote ambao mpigaji ameshikilia, na hukatika anapoachia. Sinthesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970, ambayo mpiga kinanda Bernie Worrell aliipigia besi nzito katika kundi la muziki wa funk la Parliament, haikujali hata kidogo kama mpigaji amebonyeza kwa nguvu au kwa upole. Kila noti ilitoka kwa ukubwa ule ule. Kwa hiyo nilichohitaji ni pedali ya kuusawazisha mlio wa uzi, kuuficha mwanzo wake na kuukata mwisho wake.

Fazi inaweza kazi hiyo kuliko pedali nyingine za kukwaruza sauti, na sababu yake iko ndani ya mzunguko wake wa umeme. Transista, kile kipande kidogo cha kukuza mawimbi ya umeme, hupewa mawimbi makubwa kuliko inavyoweza kuyapitisha, hivyo kilele na bonde la wimbi hukatwa, na wimbi lililoingia likiwa na mviringo hutoka likikaribia umbo la mraba. Wimbi la mraba ni mojawapo ya maumbo ambayo sinthesaiza huyazalisha yenyewe. Uzi wa chini kabisa wa besi ya nyuzi nne hutetema kwa takriban hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde, na ukigeuzwa kuwa mraba huzaa juu yake milio ya hezi 123, 205, 287 na kuendelea, yaani ile ya mara tatu, mara tano na mara saba, na hiyo ndiyo inayoipa sauti ule uwazi unaofanana na wa klarineti. Isitoshe, kwa kuwa kilele kimekatwa, noti iliyopigwa kwa nguvu na iliyopigwa kwa upole hutoka zikiwa karibu sawa.

Nilikwenda Denmark Street, jijini London, siku ya kazi asubuhi, wakati ambapo maduka ya magitaa ya mtaa ule hayakuwa na watu wengi, nikiwa na besi yangu mwenyewe mgongoni. Ninasisitiza jambo hili kwa mpiga besi yeyote: pedali ya fazi huzungumza na pikapu, kile kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi za gitaa, kabla ya kuzungumza na amplifaya, na pedali iliyokupendeza ukitumia gitaa la dukani inaweza kukugeuka ukifika nyumbani. Muuzaji alikuwa mzee mtulivu aliyenisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka kwenye chumba cha nyuma chenye amplifaya ya besi, akaniletea pedali moja moja.

Aliyoianzia haikuwa fazi. Ilikuwa Boss SYB-5, pedali ya kidijiti iliyotengenezwa mahususi ili besi isikike kama sinthesaiza, na mtu angedhani safari yangu imeishia hapo. Milio yake ilikuwa mizuri, ya wimbi la mraba na ya wimbi la meno ya msumeno, yenye filta, yaani kichujio cha sauti za juu, inayofunguka na kufunga. Tatizo lilijitokeza kwenye uzi wa chini. Mtetemo mmoja kamili wa uzi ule huchukua takriban milisekunde 24, na kifaa chochote kinachohitaji kwanza kuitambua noti ndipo kiijibu hakina budi kuusubiri. Nikipiga polepole sikuona shida, lakini nilipopiga mpigo wa haraka wa nyimbo zetu nilihisi besi ikija nyuma ya kidole changu, na mpiga drams wetu ni mtu anayesikia kuchelewa kama huko akiwa upande wa pili wa ukumbi. Fazi haitambui noti. Hulikata wimbi lile lile linapopita. Niliirudisha pedali ile kwa heshima na kumwomba mzee fazi.

Alipokuwa akizitafuta rafuni alinisimulia habari ambayo sikuwa nimeisikia kabla, nami nilikuja kuihakikisha baadaye. Rekodi iliyoutambulisha mlio wa fazi kwa umma, iliyotoka mwaka 1961, ilifanyiwa Nashville kwa mwimbaji Marty Robbins, na ala iliyopata hitilafu ile kwenye mitambo ya studio ilikuwa besi ya nyuzi sita ya Grady Martin. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaifuatilia hitilafu hiyo mpaka kikapatikana kifaa, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikakiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikikitangaza kwamba kinaweza kulifanya gitaa lisikike kama tarumbeta, tromboni na tuba. Habari ile ilinipa moyo sana. Tangu siku yake ya kwanza sokoni, fazi ilinadiwa kama njia ya kuifanya ala moja izungumze kwa sauti ya ala nyingine, na mlio wenyewe ulianzia kwenye besi.

Nilikaa muda mrefu na Bass Big Muff ya Electro-Harmonix. Ni pedali ninayoiheshimu, yenye mlio mpana unaodumu, na ina swichi ya kuchanganya sauti safi ya gitaa pamoja na ile iliyokwaruzwa ili uzito wa chini usipotee. Wapiga besi wengi hushauriana kwamba fazi ya besi isiyo na njia ya kupitisha sauti safi haifai kununuliwa. Kwa muziki wa roki ushauri huo ni wa haki, kwa maana fazi nyingi hupunguza sauti za chini, na sauti safi huzirudisha. Kwa kazi yangu ulikuwa kinyume cha nilichokihitaji. Kila nilipoichanganya sauti safi, kidole kilirudi: nilisikia uzi ukigongwa, nilisikia noti ikififia chini ya fazi, na masikio yaliambiwa upya kwamba hili ni gitaa. Nilipoiondoa, mlio ulikuwa laini na mtamu, lakini Big Muff zinajulikana kwa kupungukiwa na sauti za kati, na sauti za kati ndizo ambazo besi huzitegemea ili isimezwe na drams na waimbaji. Tena noti zake hazikuwa na mwisho. Nilipoinua kidole, pedali iliendelea kuvumisha kila mtikisiko mdogo uliobaki kwenye nyuzi.

Ya mwisho aliyonipa ilikuwa Woolly Mammoth ya ZVEX, kampuni ya Minneapolis nchini Marekani, iliyokuwa imeuzwa pale na mwenyewe ikiwa imetumika. Ina vitufe vinne vya kuzungusha, na kile kilichoandikwa Pinch ndicho kilichonifanya nivute kiti na kukaa vizuri. Kitufe hicho huubana mlio. Kadiri unavyoubana, ndivyo noti inavyokatika yenyewe uzi unapopungua nguvu, badala ya kufifia. Ukizidisha, noti hukwama na kutoa cheche, jambo ambalo wengine hulipenda. Mimi nilitafuta mahali ambapo noti ilidumu kwa urefu wa mpigo mmoja na nusu kisha ikanyamaza kabisa, kimya kisicho na mvumo. Sauti za chini zilikuwepo zote bila msaada wa sauti safi, kiasi kwamba mzee aliniomba nipunguze amplifaya. Nilifunga kitufe cha toni cha besi yangu, nikatumia pikapu ya karibu na shingo ili fazi ipokee wimbi la mviringo lisilo na milio mingi ya juu, nikaanza kuzizima nyuzi kwa mkono wa kushoto mara noti inapotakiwa kuisha. Hapo gitaa likaacha kusikika kama gitaa. Niliipiga besi ya wimbo uliokuwa ukitusumbua kuliko zote, mara kadhaa mfululizo, na kila noti ilianza na kuisha pale nilipotaka.

Kilichobaki kilikuwa wingi wa sauti za juu, maana wimbi la mraba likiachwa wazi huchoma masikio. Katika sinthesaiza kazi ya kulipunguza hufanywa na filta, nami rafiki yangu mmoja alikuwa nayo, Moogerfooger MF-101, akakubali kuniazima. Mazoezini tulijaribu kwanza kuiacha filta ifunguke kufuata nguvu ya upigaji, ikawa haina uhai, kwa sababu fazi iliyoitangulia ilikuwa tayari imezisawazisha noti zote na filta haikuona tofauti ya kuifuata. Tuliunganisha pedali ya mguu, nikawa nauendesha ufunguzi wa filta kwa unyayo, taratibu kwenye beti na wazi zaidi kwenye kiitikio. Hapo niliona faida nyingine ya fazi niliyoichagua: filta huchonga kile kilichopo tu, na mlio wenye milio ya juu tele huipa cha kuchonga, ilhali mlio uliolainishwa mapema hufunguka bila kubadilika sana.

Kaka aliacha kupiga drams katikati ya wimbo, akaja kusimama mbele ya spika na kuweka kiganja chake juu ya kasha. “Rudia hapo kwenye kiitikio,” aliniambia, “na usiharakishe mguu.” Nilirudia mpaka akarudi kwenye kiti chake.

Baada ya harusi ya kwanza tuliyoitumia fazi alitaka tuitumie fazi kwenye sebene pia. Nilimwomba anipe dakika chache mazoezini, nikapiga sebene ile ile mara mbili, kwanza kwa gitaa tupu, kisha kwa pedali. Besi ya rumba huishi kwa tofauti ya nguvu kati ya noti na noti, ile inayosukumwa na ile inayoguswa tu, na fazi ilizifanya zote kuwa sawa. Mwendo ukabaki, ila mdundo wa kiunoni ukatoweka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, “Huko tuache vidole vyako.” Tangu hapo niliikanyaga pedali tu tulipoingia Bongo Fleva, na kayamba nikampa mwimbaji.